Lugha ipi ya kompyuta imfae kijana anayetaka kutengeneza gemu?

KATIKA maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wilayani Ilala, simu janja hupangwa kwenye vioo kama nyanya kwenye meza za sokoni. Mteja akiishika moja, jambo la kwanza analouliza ni bei. La pili, hasa akiwa kijana, ni iwapo simu hiyo inabeba gemu.

Gemu anazozizungumzia zimetengenezwa mbali. Free Fire inatolewa na kampuni ya Garena ya Singapore. PUBG Mobile inatolewa na Tencent ya China. eFootball, mpira unaochezwa hadi vibandani kwa malipo ya mechi moja moja, ni mali ya Konami ya Japani. Fedha inayolipwa humo na kijana wa Buguruni, Gerezani au Ilala Bungoni huvuka bahari na hairudi.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo vijana wenye kiu ya teknolojia hujiuliza: Kama nataka kutengeneza gemu yangu mwenyewe, nianze na lugha ipi ya kompyuta?

Swali hili linahusu mchezo, lakini lenyewe si la mchezo. Kijana anayeuza chaji na kava za simu barazani huweka akiba kwa miezi mingi kabla ya kupata kompyuta mpakato ya mtumba. Akichagua lugha inayodai mashine yenye nguvu kuliko aliyoinunua, akiba yake imekwenda na maji. Akichagua lugha inayoelekea kufa, kinachopotea ni mwaka mzima wa kujifunza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini hawakusema mkulima aende kulima na shoka. Makala haya yanaeleza tofauti za zana hizo na namna ya kuchagua.

Lugha ya kompyuta ni nini?

Prosesa iliyomo ndani ya simu au kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inachokijua ni namba tu. Lugha ya kompyuta ni utaratibu wa kuandika amri kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, kisha programu nyingine ikayageuza kuwa namba hizo.

Maneno yenyewe si mengi. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1972, iliposanifiwa mwaka 1989 ilikuwa na maneno maalumu 32 tu, sawa na idadi ya mashimo ya bao la Kiswahili. Kwa hiyo mtu asiogope kwamba maneno hayo yanatokana na Kiingereza. Ugumu uko katika kuyapanga, kama ambavyo ugumu wa bao hauko katika kuhesabu kete.

Tofauti kubwa ya lugha hizi ni namna zinavyotafsiriwa. Zipo ambazo kazi nzima hutafsiriwa mapema, kama kitabu kinachotafsiriwa chote kabla ya kumfikia msomaji. C++ ni ya kundi hilo. Zipo nyingine ambazo husimamiwa na mkalimani anayetafsiri amri moja baada ya nyingine wakati programu ikiendelea kufanya kazi. Python kwa kawaida hutumika hivyo. Kundi la kwanza huenda kasi zaidi. Kundi la pili humrahisishia mwanafunzi kujaribu, kukosea na kurekebisha papo hapo.

Kwa nini kasi ni muhimu

Picha inayotembea kwenye gemu si picha moja. Ni picha nyingi zinazochorwa upya na kubadilishwa haraka kiasi kwamba jicho linadanganyika. Gemu nyingi hulenga kuchora picha 60 kwa sekunde.

Maana yake ni kwamba kwa kila picha, simu ina muda usiofikia milisekunde 17 wa kufanya kila kitu: kusoma mchezaji amegusa wapi, kukokotoa mpira umefika wapi, kuangalia nani amegongana na nani, kuchora upya kioo na kutoa sauti. Ikichelewa, mchezo hukwama. Mchezaji aliyekosa bao kwa sababu simu imekwama hatamlaumu mtengenezaji wa simu, ataifuta gemu.

Lipo pia suala la taka. Programu inapofanya kazi huchukua nafasi katika kumbukumbu ya mashine, ile ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo huiita ram, na baada ya matumizi nafasi hiyo lazima isafishwe. Katika C++, mwandishi wa programu ndiye mwenye wajibu wa kusafisha, kama mchuuzi anayefagia mbele ya meza yake. Asipofagia, uchafu hujaa hadi gemu inajifunga yenyewe.

Katika Java na C#, usafi hufanywa na utaratibu wa pamoja, mithili ya gari la taka linalopita mtaani. Mchuuzi amepumzika, lakini gari linapopita mtaa husimama kidogo. Kusimama huko kwa sehemu ndogo ya sekunde hakumdhuru anayeandika barua, ila humdhuru anayecheza gemu ya mbio. Ndiyo maana watengenezaji wa gemu wanaotumia lugha hizo hujitahidi kutozalisha taka ovyo mchezo ukiwa unaendelea.

Lugha zenyewe

C++ ilianza kubuniwa na Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark, mwaka 1979 na kutolewa rasmi mwaka 1985. Ndiyo lugha ya gemu kubwa za kompyuta na za mashine kama PlayStation. Ndiyo pia lugha ya Unreal Engine ya kampuni ya Epic Games, injini iliyotumika kujenga PUBG Mobile, na ambayo Konami iliihamia mwaka 2021 ilipozindua eFootball.

Injini ya gemu, kwa maelezo mafupi, ni gari ambalo limekwisha kuundwa. Ina uwezo wa kuchora, kupiga sauti na kukokotoa mwendo wa vitu. Kazi inayobaki kwa mtengenezaji ni kuandika mchezo wenyewe.

C# ilibuniwa na Microsoft na kutangazwa mwaka 2000. Umaarufu wake katika gemu unatokana na Unity, injini iliyoanzia Denmark mwaka 2005. Free Fire na Call of Duty: Mobile zote zimejengwa kwa Unity. C# ni rahisi kujifunza kuliko C++, na masomo yake ya bure ni mengi mno mtandaoni.

Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Wakazi wengi wa Dar es Salaam waliitumia bila kuijua, kwani gemu za simu za vitufe za miaka ya 2000 ziliandikwa kwa Java. Minecraft, iliyoanzishwa na Markus Persson wa Sweden mwaka 2009, nayo iliandikwa kwa Java. Leo ndugu yake, Kotlin, ndiye anayependekezwa na Google kwa programu za Android. Lugha hizi mbili zinafaa kwa gemu ndogo za simu, kama karata na mafumbo, na mtu akizijua anaweza pia kuajiriwa kutengeneza programu za benki na za miamala.

Python, ya Mholanzi Guido van Rossum, ilitoka mwaka 1991. Maandishi yake ni safi na yanasomeka. Kwa kutumia maktaba ya Pygame, mwanafunzi anaweza kutengeneza mchezo wa nyoka ndani ya siku chache. Udhaifu wake ni kwamba njia ya kuutoa mchezo huo kwenye kompyuta na kuuingiza kwenye simu haijanyooka.

JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku 10, ndiyo lugha ya kurasa za intaneti. Gemu iliyoandikwa kwa lugha hiyo hufunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti bila kupakuliwa kama programu. Inaandikika kwenye kompyuta hafifu kabisa.

Lua ni lugha ndogo iliyozaliwa Brazil mwaka 1993. Wanaoidharau wakumbushwe kwamba Balatro, gemu ya karata iliyotolewa mwaka 2024 na kuuzwa mamilioni ya nakala, iliandikwa na mtu mmoja kwa Lua.

GDScript ni lugha ya Godot, injini iliyoanzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, na ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa umma mwaka 2014. Anayejua Python ataisoma bila shida.

Kwa watoto ipo Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Humo mtoto haandiki, bali hupanga matofali ya amri, na matofali hayo yanaweza kusomwa kwa Kiswahili.

Pima mfuko kabla ya kupima lugha

Mshauri wa ughaibuni akiulizwa swali hili huanza na aina ya gemu. Kwa kijana wa Ilala, hesabu huanza na mashine.

Unreal Engine ya sasa inapendekeza kompyuta yenye ram ya GB 32. Kompyuta ya mtumba ambayo kijana mwenye kipato kidogo anaimudu kwa kawaida ina GB 4 au 8. Kuiwekea Unreal ni sawa na kupakia lumbesa la viazi kwenye baiskeli. Unity hujikokota kwenye GB 8, lakini upakuaji wake hula bando la gigabaiti kadhaa, achilia mbali masasisho yanayofuata.

Godot, kwa upande wake, haifiki MB 200 kuipakua, ingawa anayetaka kuitolea gemu ya simu huongeza mafaili mengine makubwa zaidi baadaye. Lipo hata toleo lake la simu za Android, hivyo kijana asiye na kompyuta anaweza kuanza na simu aliyonayo mkononi, japo kioo ni kidogo na uvumilivu unahitajika. JavaScript na Lua nazo hazina makuu.

Umeme nao una nafasi katika hesabu hiyo. Kompyuta mpakato yenye betri nzima humwezesha mtu kuhifadhi kazi yake umeme unapokatika. Anayenunua ya mtumba aipime betri dukani kabla ya kutoa fedha, kwani ram huongezwa kwa urahisi kwenye mashine nyingi kuukuu, lakini betri mpya hugharimu.

Mfano wa bao

Ili kuona kwamba lugha ni chombo tu, tuchukue bao, mchezo unaochezwa vijiweni tangu kabla ya umeme kufika Kariakoo, na ambao Mwalimu Julius Nyerere aliupenda.

Ubao wa bao la Kiswahili una safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua, pale kete za mkononi zinapoingizwa moja moja. Zikiisha, huanza hatua ya mtaji.

Katika lugha yoyote, ubao huo ni orodha ya namba 32 tu. Kusambaza kete ni kitendo kinachorudiwa: punguza moja mkononi, ongeza moja shimoni, sogea shimo linalofuata. Kisha hufuata masharti: kama kete ya mwisho imeangukia shimo tupu, inalala na zamu inahama, kama imeangukia shimo la mbele lenye kete, na la mpinzani linalolikabili lina kete pia, mchezaji anakula.

Kurudia na kuweka masharti ni mambo yaliyomo katika kila lugha iliyotajwa hapo juu. Aliyeyaelewa kwa Python atayahamishia kwenye C# kwa wiki chache, kama dereva wa daladala anavyozoea gari jipya. Na kwa kuwa bao halihitaji picha 60 kwa sekunde, kasi ya C++ haina kazi hapo wakati watu wawili wanapocheza.

Mambo hubadilika pale kompyuta yenyewe inapotakiwa kucheza kama bingwa. Hapo italazimika kupima maelfu kwa maelfu ya hatua zijazo kabla ya kujibu, na lugha ya kasi huanza kulipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi waliziandika kanuni za bao la Zanzibar kwa ajili ya kompyuta. Inafikirisha kwamba kazi hiyo ilifanyika Ulaya, wakati waujuao mchezo wako barazani huku kwetu.

Nani anamiliki jembe lako?

Lipo jambo ambalo wanaoanza hulisahau: zana nyingi zina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili masharti.

Septemba 2023, Unity ilitangaza kwamba ingeanza kutoza ada kwa kila gemu inayowekwa kwenye kifaa cha mchezaji, pindi gemu ikivuka viwango fulani vya mapato na idadi. Watengenezaji duniani walipiga kelele, masharti yakalegezwa, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa kabisa. Hata hivyo, wengi walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mpangaji hapangi kodi. Kwa sasa Unity ni bure kwa mwenye mapato yasiyozidi dola 200,000 za Marekani kwa mwaka, na Unreal hudai asilimia 5 baada ya gemu kuingiza dola milioni moja. Godot haidai kitu.

Zana pia hufa. Katika miaka ya 2000 vijana wengi duniani walijifunza kutengeneza gemu za Flash, ambazo zilipatikana katika kila kompyuta ya kibanda cha intaneti. Desemba 31, 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash. Gemu za Java za simu za vitufe nazo ziliondoka na simu zake. Walionusurika ni wale waliokuwa wamejifunza kufikiri, si kubonyeza vitufe vya zana moja.

Waliotangulia

Afrika haianzi sifuri. Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu ya kompyuta iitwayo Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Kampuni ya Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion mwaka 2016 na kuiuza duniani kote kupitia mtandao wa Steam. Hapa Dar es Salaam, Ubongo ilianza kurusha katuni zake za elimu mwaka 2014 na kuthibitisha kwamba kazi ya Kiswahili inaweza kutazamwa nje ya mipaka.

Mlango wa soko uko wazi kuliko zamani. Kujiandikisha kama mtengenezaji katika duka la Google Play hugharimu dola 25, hulipwa mara moja tu. Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Lakini anayefungua akaunti mpya binafsi ya Google afahamu sharti moja: kabla ya kuiweka gemu hadharani lazima ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kariakoo, kupata watu 12 wa kujaribu si tatizo, na ni busara kuwatafuta wenye simu za bei nafuu, kwa sababu hao ndio soko lenyewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Kanuni za bao au karata ni za wote, lakini msimbo, michoro na muziki ni mali ya aliyevibuni. Hivyo kijana asichukue wimbo wa msanii kuuweka kwenye gemu yake bila ruhusa, naye asikubali kazi yake ichukuliwe.

Achague nini basi?

Mwenye simu pekee, au kompyuta ya GB 4, aanze na Godot au JavaScript. Mwenye GB 8 na kuendelea anayetafuta ajira katika kampuni za gemu ajifunze C# kwa Unity. Anayetaka ujuzi utakaomlisha hata nje ya gemu achukue Java na Kotlin. Ambaye hajawahi kuandika msimbo maishani aonje Python kwa miezi miwili mitatu, kisha ahamie katika mojawapo ya hizo. C++ imsubiri aliyekwisha kumaliza gemu mbili tatu, mwenye mashine nzuri na sababu ya kuihitaji.

Neno kumaliza lizingatiwe. Wanaoshindwa katika fani hii ni nadra kushindwa kwa sababu ya lugha waliyoichagua. Hushindwa kwa sababu gemu ya kwanza waliyoiota ilikuwa na jiji zima, magari na bunduki, ikaachwa njiani. Mchezo mdogo wa bao uliokamilika, unaofunguka kwenye simu ya bei ya chini na kuzungumza Kiswahili fasaha, una thamani kuliko ndoto iliyobaki ndani ya kompyuta.

Siku mteja wa Aggrey atakapoishika simu na kuuliza kama inabeba gemu iliyotengenezwa Ilala, muuzaji hatamuuliza iliandikwa kwa lugha gani.